Kibali cha Teke Moja

Ilikuwepo nchi, nasi hatuijui. Tunalisema hili mapema ili msomaji mwenye mjomba serikalini asihangaike. Jina lake la kwanza lilifutwa kwa sheria, la pili lilifutwa na yuleyule aliyelifuta la kwanza, na la tatu linasubiri siku njema ya kuzinduliwa. Kwa sasa, katika barua zote rasmi, huandikwa Nchi Husika, na raia wake huitwa Wahusika.

Watoto wa Nchi Husika ndio watoto huru kuliko wote duniani. Hili halina ubishi, kwa kuwa limeandikwa kwenye katiba na kupakwa kwenye ukuta wa kila shule kwa herufi kubwa, na rangi yake hurudiwa kila wiki isije ikapauka. Ndiyo maana huwezi kumkuta mtoto amekaa juu ya ukuta. Mtoto akitaka kucheza, mzazi wake huchukua fomu kwa mjumbe, akajaza aina ya mchezo, idadi ya wachezaji, muda, na matokeo yanayotarajiwa, kisha akasubiri siku kumi na nne za kazi. Watoto watatu wakisimama pamoja bila fomu, huo si mchezo tena, ni mkusanyiko. Kuruka kamba kunaruhusiwa, ila miguu yote miwili isiwe hewani kwa wakati mmoja, kwa sababu za kiusalama ambazo haziwezi kutajwa, nazo pia kwa sababu za kiusalama.

Zamani kila nyumba kumi zilikuwa na mjumbe. Serikali ikawahurumia wajumbe, ikapunguza zikawa nyumba tatu, maana ilibainika kuwa katika nyumba kumi binadamu wa kawaida hawezi kusikia vizuri.

Katika mojawapo ya nyumba tatu za mjumbe Pazi aliishi Bi. Siwema Kilongo, fundi cherehani, mwenye umri wa miaka sitini na minane. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Sare za Nchi Husika hazina mifuko. Mfuko, ilielezwa siku ulipopigwa marufuku, ni mahali ambapo serikali haioni. Siwema alikuwa ameshona maelfu ya magauni yasiyo na mfuko, lakini kila akifika pale nyongani vidole vyake vilisita, kama mguu unaotafuta ngazi iliyokwisha ondolewa.

Utotoni yeye alikuwa na mifuko. Gauni lake la pekee lilikuwa na miwili, na humo mlikaa mapera mabichi, kokoto za mdako, na mara moja kinyonga. Walicheza kwenye kiwanja cha nyuma ya kinu cha pamba, watoto ishirini, siku nyingine thelathini, hakuna aliyewahesabu. Njaa ikiwauma waliingia nyumba yoyote iliyokuwa inasonga ugali, wakanawa, wakala. Ukikosea, mama wa mwenzako alikuchapa, na ukienda kushtaki kwenu ulichapwa tena kwa kumsumbua mama wa watu. Siwema hakuwa mjinga wa kudhani ule ulikuwa ufalme. Funza waliwatafuna vidole, na mwaka mmoja ndui iliwachukua wanne. Lakini magharibi ilipoingia, akina mama walisimama milangoni wakaita kila mmoja jina la wake, na ndipo ungejua kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amekuuliza unakwenda wapi.

Mambo hayo alimsimulia mwanawe, Hemedi, tangu alipokuwa mdogo. Hapo ndipo alipokosea.

*

Hemedi alikuwa fundi baiskeli, mpole, mtu wa kusalimia hata wasiomwitikia. Jumamosi moja bintiye Tunu, wa miaka mitano wakati huo, alimuuliza pale barazani kwa nini kamba hairukwi. Hemedi akajibu: "Enzi za bibi yako, mwanangu, watoto walikuwa wanaruka kamba mpaka wanaona bati la nyumba ya pili." Kisha akashusha pumzi.

Mjumbe Pazi alikuwa dirishani kwake, akila muhogo. Ulimi hauna mfupa, lakini Nchi Husika ina masikio. Hemedi alishtakiwa kwa makosa mawili: la kwanza, kulinganisha nyakati, kinyume na Sheria ya Kuzuia Enzi, la pili, kushusha pumzi kwa namna inayoonyesha kwamba kuna kitu kimekosekana. Kwa kosa la kwanza angeonywa tu. Ile pumzi ndiyo iliyomponza. Akapelekwa Nyumba ya Mapumziko, jengo refu nje ya mji ambako mtu hupumzika hadi serikali itakapoona amechoka kupumzika.

Miaka mitatu ikapita. Kila mwaka ilifika kadi moja yenye maneno yaliyokwisha chapishwa: Nimepumzika vizuri. Nafasi ya sahihi Hemedi aliandika jina lake, na kila mwaka mwandiko wake ulizidi kuwa mdogo. Siwema aliziweka kadi tatu ndani ya droo ya cherehani, na kila alipofungua kuchukua uzi aliziona, na kila alipoziona alikumbuka kwamba maneno yalikuwa yake na mwana ndiye aliyeyabeba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao uchungu huu ulikuwa na kitu kingine juu yake, yaani aibu. Katika kipindi hicho alifanya uhaini mmoja tu: ndani ya gauni la shule la Tunu, upande wa bitana, alishona mfuko. Ulikuwa mdogo, wa kutosha kokoto moja.

*

Sasa, kiongozi wa Nchi Husika alikuwa anatimiza miaka sabini. Cheo chake ni Mlezi Mkuu, Baba wa Watoto Wote Wakiwemo Wenye Baba Zao. Alikuwa na kila kitu, ila daktari wake aliripoti kwa baraza la mawaziri kwamba Mheshimiwa hajacheka kwa miaka sita. Waliletwa wachekeshaji, wawili wa kwanza hawakumchekesha, na wa tatu hakupatikana tena kuulizwa. Mwishowe Mlezi Mkuu mwenyewe alisema anachotaka. Alitaka kucheza kombolela.

Mtoto akililia wembe, mpe. Mara moja ikaundwa Kamati ya Taifa ya Maandalizi ya Utoto wa Mlezi Mkuu, yenye wajumbe hamsini na mmoja, magari kumi na manne, na katibu anayeitwa Bwana Tindwa. Tatizo likawa kwamba hakuna aliyejua mchezo wenyewe. Wazee waliohojiwa walikana kuwahi kuwa watoto. Ndipo karani mmoja, katika kupekua majalada, akakuta jalada la Hemedi, na ndani yake maelezo ya mtuhumiwa: kwamba mama yake alikuwa akicheza kombolela nyuma ya kinu cha pamba, na kwamba mmoja wa wenzake aliitwa Kibwana.

Kibwana lilikuwa jina la utotoni la Mlezi Mkuu. Siku hiyohiyo Siwema akapata barua inayomwalika bila kukosa.

"Karibu, mama," alisema Bwana Tindwa, kijana mnene mwenye kalamu nne mfukoni, maana maofisa wao wanaruhusiwa mifuko. "Taifa linakuhitaji. Huu mchezo unachezwaje?"

"Unahitaji kopo, mwanangu," alisema Siwema. "Mmoja anafumba macho anahesabu, wenzake wanajificha. Akimwona mtu anamtaja, anakimbia kugusa kopo, huyo amekamatwa. Wanaokamatwa wanasimama pembeni."

"Vizuri sana. Mchezo una nidhamu. Kopo la kitu gani?"

"Lolote. Letu lilikuwa la maziwa."

"Lenye maziwa?"

"Tupu."

Tindwa aliweka kalamu chini. "Mama, Mlezi Mkuu hawezi kusimama mbele ya taifa na kopo tupu. Watu watasema nchi ina njaa."

"Likijaa haliruki."

"Kwa nini liruke?"

Tangu alipopokea ile barua Siwema alikuwa anajua kwamba swali hili litakuja. "Kwa sababu kuna mmoja ambaye bado amejificha," alisema. "Huyo akiwahi kutoka mbio akalibutua kopo kabla hajatajwa, wote waliokamatwa wako huru. Wanatawanyika."

Wajumbe waliokuwapo walitazamana. Mmoja aliinuka akafunga dirisha.

"Hicho kipengele," alisema Tindwa taratibu, "ni cha lazima?"

"Huo ndio mchezo wenyewe, mwanangu. Muulizeni mwenyewe, anakumbuka."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kibwana alikuwa mtoto wa karani wa kinu, mtoto pekee mwenye viatu, na alipofumba macho kuhesabu alichungulia katikati ya vidole. Jioni moja alikuwa amewakamata watoto kumi na mmoja kwa kuchungulia, akabaki Siwema, mwenye miaka tisa. Siwema alitoka nyuma ya marobota ya pamba, akakimbia, akalibutua kopo likapita juu ya paa la choo. Wote kumi na mmoja walitawanyika wakipiga kelele. Kibwana alilia, akaenda kumwita baba yake. Karani akatoka na kikoi chake, akasikiliza kesi, akacheka akasema, "Mwanangu, huo ndio mchezo wenyewe."

Swali likapelekwa Ikulu. Jibu lilirudi baada ya siku tatu kwa mwandiko wa Mlezi Mkuu mwenyewe: Kipengele kibaki. Ndivyo ilivyokuwa. Kikawa Kifungu cha Tisa.

*

Mazoezi yalikuwa balaa. Mawaziri ndio waliopangwa kujificha, lakini kujificha serikali isikuone ni kosa la jinai, na wenyewe ndio waliolitunga. Waziri wa Kilimo alijificha nyuma ya mlingoti akawa anakohoa ili asidhaniwe vibaya. Meya alijisalimisha kabla ya kuhesabiwa tano, akiomba radhi kwa niaba ya familia yake. Waziri wa Mazingira, kwa bahati mbaya, alisinzia ndani ya pipa, hakuonekana kwa saa nzima, akasikia kuvuliwa kwake uwaziri kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, bado yumo ndani ya pipa.

"Waziri akikamatwa ni fedheha," alilalamika Tindwa, akijifuta jasho. "Asipokamatwa ni uasi. Sasa tufanyeje, mama?"

Siwema alikuwa amekaa kwenye kigoda, akitazama mikono yake. Moyo ulimdunda mpaka akahofu wataurekodi.

"Kwani watu waliokwisha kamatwa hamnao?" aliuliza, kama mtu anayeulizia chumvi.

Tindwa alimtazama. Kisha uso wake ukachanua.

Jambo hilo lilipitishwa kwa kauli moja. Lilipunguza gharama, lilipunguza mbio, na liliondoa mashaka yote juu ya nani angekamatwa. Wangeletwa wapumzikaji arobaini kutoka Nyumba ya Mapumziko, wakaoshwa, wakavalishwa kaptula na magauni ya kitoto. Siwema ndiye aliyepewa kazi ya kushona mavazi hayo. Alipopewa orodha ya vipimo alitafuta jina, akalikuta namba ishirini na saba: Hemedi Kilongo. Kiuno chake kilikuwa kimepungua inchi sita.

Likabaki kopo. Kamati ilitengeneza jipya, lenye picha ya Mlezi Mkuu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, na hapo mwanasheria wa serikali akasimama akasema kulipiga teke itakuwa uhaini wa pande zote mbili. Wakajadili wiki nzima. Siwema, aliyepangwa kuwa yule mmoja anayebaki amejificha, aliombewa kibali maalumu, kikatoka na mihuri mitatu:

KIBALI CHA TEKE MOJA. Mguu: wa kulia. Uzito wa teke: wa wastani. Lengo: burudani. Hakihamishiki.

Siku zile kila jioni Siwema alifanya mazoezi uani kwake. Aliweka kopo la mafuta ya kimbo kwenye udongo, akarudi hatua kumi, akakimbia. Magoti yalimlia. Mara ya kwanza alilikosa kabisa akakaa chini kwa matako, na Tunu, ambaye sasa alikuwa na miaka minane na hajawahi kuona mtu mzima akikimbia bila kufukuzwa, alicheka mpaka akajiziba mdomo, kwa maana kicheko cha ghafla nacho kina fomu yake.

"Bibi, ukishalipiga inakuwaje?"

"Baba yako anakimbia."

"Anakimbilia wapi?"

"Nyumbani," alisema Siwema. "Ukimwona anakuja, unafungua mlango."

Tunu akaenda kulisimamisha kopo tena, akalifuta udongo.

*

Siku yenyewe ikafika. Mchezo ulifanyika kwenye Uwanja wa Uhuru wa Watoto, ambao umejengwa palepale nyuma ya kinu cha pamba, ukazungushiwa ukuta wa mita nne. Langoni pana kibao: WATOTO HAWARUHUSIWI. Tunu aliachwa nyumbani, amekaa karibu na mlango.

Watu elfu thelathini walikaa kwa mujibu wa tiketi walizolazimishwa. Wapumzikaji arobaini walisimama ndani ya duara la chokaa, katika kaptula zao mpya. Wapo waliokuwa na mvi. Siwema alimtafuta wa ishirini na saba, akamwona, na kama asingekuwa na kazi angelia papo hapo. Shingo ya Hemedi ilikuwa imebaki mishipa. Hakuinua macho. Siwema akapelekwa alipopangiwa kujificha, nyuma ya ubao ulioandikwa MAFICHO.

Mlezi Mkuu alishuka kutoka jukwaani kwa ngazi iliyotandikwa zulia. Alikuwa mzee mfupi, mwenye viatu vizuri. Alisimama mbele ya kopo, akaweka viganja usoni, akaanza kuhesabu, na uwanja mzima ukamsaidia kuhesabu. Alipofika saba alichungulia katikati ya vidole. Watu elfu thelathini wakageuza nyuso kutazama mawingu.

"Ishirini!" alisema. Kisha akawataja waliosimama kwenye chokaa, mmoja mmoja, akisomewa majina na msaidizi, na kwa kila jina akagusa kopo kwa fimbo. Makofi yakapigwa mara arobaini. Baada ya hapo akatembea polepole kuelekea upande usio na ubao, kama alivyofanya zamani alipotaka ujione mjanja.

Siwema akatoka.

Alikimbia. Tunasema alikimbia kwa heshima ya mchezo. Mtu mwingine angesema alikwenda haraka akichechemea. Lakini ndani yake alikuwa na miaka tisa, na ardhi ile, hata chini ya nyasi za kununuliwa, aliitambua. Katikati ya njia askari alimsimamisha. Akampa kibali. Askari akakisoma, akakigeuza, akakagua mihuri, akauliza mguu wa kulia ni upi, akapiga saluti. Muda wote huo Mlezi Mkuu alisimama kule mbali, mgongo umegeuka, akisubiri. Siwema akakimbia tena. Kopo likawa mbele yake, na ile picha ikimtazama.

Akalibutua.

Lilipaa. Wallahi lilipaa! Lilizunguka hewani, picha, nembo, picha, nembo, likapita juu ya meza ya waheshimiwa, likaanguka karibu na lango kwa mlio uleule wa bati ambao alikuwa hajausikia kwa miaka hamsini na tisa. Furaha ilimpanda mpaka kooni, furaha kubwa isiyo na fomu.

"Kombolelaaa!" alipiga kelele. "Kimbieni!"

Mshereheshaji, mtu wa kufuata ratiba, akasogeza kipaza sauti. "Kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa," alisoma, "kopo limepigwa teke halali. Waliokamatwa wote wako huru. Lango lifunguliwe."

Lango likafunguliwa. Ng'ambo yake ilionekana barabara, mtu anasukuma baiskeli yenye pancha, na mama muuza mapera akipanga mafungu. Askari walisogea pembeni, bunduki mgongoni.

Hakuna aliyeondoka.

Arobaini walisimama ndani ya chokaa. Baada ya kitambo mzee mmoja mwenye mvi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, afande. Tunaondoka kwa mstari au kwa majina?"

"Kwa hiari," alisema mshereheshaji.

Neno hilo liliwachanganya. Walitazamana. Mmoja alinyanyua mguu, akautazama ulipo mstari wa chokaa, akaurudisha pale ulipokuwa. Mwingine alianza kulia na kuuliza wamekosa nini.

"Hemedi!" Siwema aliita. "Hemedi, kimbia baba! Tunu yupo mlangoni!"

Hemedi aliinua macho. Alimjua. Siwema aliona kabisa kwamba amemjua, na kwa dakika hiyo moja alidhani mguu utavuka. Kisha mwanawe akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo kipaza sauti kiliidaka na kuifikisha kwa watu elfu thelathini:

"Mama, usitutie matatani. Liokote kopo."

Hapo ndipo Mlezi Mkuu alipocheka. Alianza taratibu, puani, kicheko kikashuka mpaka tumboni, akashika magoti, akafuta machozi kwa leso. Daktari wake aliandika saa na dakika. Makofi yakalipuka, yakawa hayana mwisho. Mzee alimwendea Siwema akamshika bega kama mtu wa mtaani kwao, na kwa kweli alikuwa mtu wa mtaani kwao.

"Siwe," alimwita, kwa jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kumwita. "Ulifikiri sitakumbuka? Siku ile nililia sana. Baba akaniambia huo ndio mchezo wenyewe. Nimelifikiria neno lake miaka hamsini na tisa."

"Walikimbia wote, Kibwana," alisema Siwema. "Wote kumi na mmoja. Uliwaona."

"Niliwaona. Walikuwa watoto." Alisogea karibu, akavuta kamasi kidogo, bado anacheka. "Nikwambie kitu? Lango la Nyumba ya Mapumziko halina kufuli tangu mwaka juzi. Liliingia kutu, likavunjika. Tukaona ya nini kununua jingine."

Halafu akaagiza Siwema apewe soda.

Hatukuambiwa kama aliinywa. Tunachojua ni kwamba alitembea hadi langoni, akainama kwa shida, akaliokota lile kopo lililobonyea, akarudi nalo katikati ya uwanja. Akalisimamisha mahali pake, picha ikiwaelekea wageni. Wapumzikaji arobaini walishusha mabega, wakapumua. Hemedi naye alipumua, na safari hii hakuna aliyemwandika.

*

Tunu alikuwa palepale mlangoni. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi.

"Bibi, ulilipiga?"

"Nililipiga."

"Likaruka?"

"Likaruka."

Mtoto alichungulia nyuma ya bibi yake, akatazama barabara mpaka mwisho. "Sasa baba amekimbilia wapi?"

Siwema alikaa kwenye kiti cha cherehani, akavua viatu. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba. Tunu alisubiri, kisha akabadilisha swali, kwa kuwa watoto wa Nchi Husika wamefundishwa kuwa swali lisilojibiwa lisirudiwe.

"Enzi zenu, bibi, kopo likiruka, nyinyi mlikuwa mnakimbilia wapi?"

Bibi yake alifungua droo. Akasogeza kadi tatu pembeni, akatoa wembe.

"Hapakuwa na enzi zetu, mjukuu wangu," alisema. "Sisi hatukuwahi kuwa watoto. Lete gauni lako la shule."

Tunu akaleta. Siwema aligeuza bitana, akaufumua ule mfuko uzi kwa uzi, bila haraka, kazi safi ya fundi. Kokoto ikaanguka sakafuni. Alipomaliza akainua kichwa kutazama dirisha la mjumbe Pazi, kuona kama amesikia jibu lake.

Lilikuwa limefungwa. Mjumbe alikuwa bado uwanjani, anapiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.